Mtoto Akivimba Uso, Upelelezi Uanzie Jikoni

Mtoto wa miaka miwili amekula chakula cha mchana pamoja na wenzake, amenawa mikono, ametoka nje kucheza. Kabla ya robo saa kupita anarudi akilia na kujikuna. Mwili umetoka mabaka mekundu yaliyotuna, midomo imekuwa minene, na jicho moja limefumba kwa uvimbe. Mama anapiga kelele, majirani wa mstari mzima wa nyumba za kambi wanakusanyika, na kila mmoja ana lake la kusema. Huyu asema ni mdudu aliyemwuma. Yule asema ni surua. Wa tatu anapunguza sauti na kuuliza ni nani aliyemtazama mtoto kwa jicho la husuda. Jioni mabaka yanatoweka yenyewe, watu wanatawanyika, na jambo linasahauliwa mpaka litokee tena.

Ni juu ya jambo hilo tunapenda kuzungumza leo na ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, hasa wale wenye familia huko West Nile, katika jiji la Arua na mji wa Koboko. Tumeichagua sehemu hiyo kwa sababu ya vyakula vyake. Huko karanga na ufuta, ambao wengi wetu twauita simsim, ni vitu vya kila siku: hutiwa katika mboga za majani, katika kunde, katika samaki mkavu, na hata katika vitamu vinavyouzwa kando ya barabara. Vyakula hivyo viwili huwajenga watoto wengi. Lakini ulimwenguni kote vinajulikana pia kuwa miongoni mwa vyakula vinavyowadhuru baadhi ya watoto, pamoja na maziwa ya ng'ombe, mayai, samaki, kamba, ngano na soya.

Basi mzazi wa huko yumo kati ya hatari mbili. Asipomjua mkosaji, mtoto aweza kupoteza maisha. Akimshuku kila mmoja na kuviondoa vyakula vyote mezani, mtoto atadhoofu kwa utapiamlo. Njia ya kutoka katikati ya hatari hizo ni moja tu, nayo ni kupeleleza kwa utaratibu.

MLINZI ANAYEMPIGA RAFIKI

Maradhi haya huitwa mzio, na wengi huyaita aleji. Neno hilo la aleji lilitungwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa mji wa Vienna. Miaka michache kabla yake, Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wakichunguza sumu ya kiumbe mmoja wa baharini. Walimdunga mbwa sumu kidogo, naye akapona. Walipomdunga tena baada ya majuma machache, mbwa huyo hakuonyesha kuizoea sumu. Alikufa baada ya muda mfupi. Kwa uchunguzi huo Richet alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Askari ataielewa habari hiyo kwa urahisi. Mwili una walinzi wake, na kazi yao ni kuwatambua wadudu wa maradhi na kuwapiga. Katika mzio, mlinzi amemwandika rafiki katika orodha ya maadui. Chakula kisicho na ubaya wowote kinapita langoni, naye anafyatua risasi. Wataalamu waligundua katika miaka ya 1966 na 1967 aina ya kingamwili inayofanya kosa hilo, wakaiita kingamwili E. Kingamwili hiyo hukaa juu ya chembe za mwili zilizojaa kemikali iitwayo histamini. Chakula kilichoandikwa kuwa adui kikifika, chembe hizo hupasuka, na histamini humwagika. Hapo ndipo ngozi huwasha na kutuna, midomo huvimba, tumbo husokota, na njia za pumzi huweza kubana.

Kutokana na hayo twapata somo la kwanza la upelelezi. Mara nyingi mkutano wa kwanza wa mwili na chakula hicho hupita kimya, kwa kuwa ndio wakati mlinzi anapoandika jina katika orodha. Kwa hiyo mzazi asiseme, "Hakiwezi kuwa hicho, maana juzi alikila asidhurike." Hiyo si hoja ya kumwachia mshukiwa.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Si nyumba ya mtu fulani, bali ni mfano tuliouunda ili msomaji aone njia. Lakini hakuna jambo ndani yake lisiloweza kutokea katika kambi yoyote.

Koplo mmoja wa polisi yuko kazini Arua. Mkewe ni mzaliwa wa Koboko, kilomita zipatazo 55 kaskazini, karibu na mahali inapokutana mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Mtoto wao ni msichana wa mwaka mmoja na nusu. Siku moja mama alimpeleka kumwona bibi yake, na baada ya chakula cha mchana mtoto akatoka mabaka mwili mzima. Kesho yake alikuwa mzima. Baada ya miezi miwili walikwenda tena, na mambo yakawa yale yale, isipokuwa safari hii midomo nayo ilivimba.

Koplo akatoa hukumu: maji ya Koboko hayamfai mtoto wake. Watu wengine wa nyumbani kwao wakaenda mbali zaidi, wakanong'ona kuhusu mama mkwe. Maneno yakafika Koboko, kama maneno yafikavyo, na bibi akanyamaza kwa uchungu. Mtoto hakupelekwa tena.

Mara ya tatu ilitokea Arua. Mtoto alikuwa kwao, katika nyumba ya baba yake, na alikunywa maji ya siku zote. Chakula kilikuwa samaki mkavu aina ya angara, aliyepikwa kwa karanga zilizosagwa. Mabaka yalitoka, uso ukavimba, na sasa mtoto alitapika na kukohoa. Hukumu ya kwanza ikaanguka. Majirani wakatoa nyingine: aachishwe samaki. Mwingine akasema karanga. Mwingine akaongeza mayai, na mwingine maziwa. Mama mwenye hofu akavikatalia vyote, na kwa majuma sita mtoto akaishi kwa uji wa mihogo na chai. Walipokwenda kliniki, mstari wa uzito katika kadi yake ulikuwa umeinama kwenda chini.

Muuguzi aliyempima hakuwagombeza. Aliuliza maswali machache juu ya siku zile tatu, akaona kuwa wazazi wanabishana hata juu ya kilichopikwa. Kisha akamwambia koplo, "Afande, kazini kwenu mna kitabu cha matukio. Nendeni mkamfungulie mtoto wenu kitabu kama hicho."

KITABU CHA MATUKIO CHA MTOTO

Daftari la kawaida la shule latosha. Kila tukio liandikwe siku ile ile, kabla kumbukumbu haijachanganyika na maneno ya majirani. Yafaa kuandika mambo haya:

Kwanza, saa mtoto aliyokula na saa dalili ya kwanza ilipoonekana. Hilo ndilo jambo kubwa kupita yote. Mzio wa chakula wa namna tunayoizungumzia hutokea upesi, tangu dakika chache hadi kiasi cha saa mbili baada ya kula. Mabaka yaliyotoka alfajiri hayaelekei kuwa yametokana na chakula cha mchana wa jana. Kuna aina nyingine za mzio zinazochelewa, kama ule wa maziwa unaoleta kuharisha au damu katika choo cha mtoto mchanga. Hizo huhitaji uchunguzi wa daktari.

Pili, kila kilichoingia kinywani, hata kama ni kidogo: uji, tone la mchuzi, biskuti aliyopewa na jirani, kitamu alichookota, dawa aliyonyweshwa. Haitoshi kuandika "mchuzi". Andika kila kitu kilichotiwa ndani yake, na ikiwa kilinunuliwa tayari kimesagwa, andika kilisagwa wapi.

Tatu, kilichogusa ngozi: mafuta aliyopakwa, sabuni mpya, majani ya kuogea. Mafuta ya ufuta na ya karanga yaweza kumchochea mtoto kupitia ngozi, hasa ngozi iliyopasuka kwa ukurutu.

Nne, dalili zenyewe na jinsi zilivyofuatana. Zilianza wapi? Zilidumu muda gani? Alitapika? Alikohoa? Sauti ilibadilika? Siku hizi simu ya mkononi yaweza kupiga picha ya mabaka, na picha hiyo ni ushahidi mwema mbele ya daktari, kwa sababu mara nyingi mtoto hufika hospitali mabaka yakiwa yamekwisha toweka.

Tano, hali ya mtoto kabla ya tukio: homa, mafua, kuumwa na wadudu, dawa mpya.

Sita, na hili wengi hulisahau, ziandikwe pia siku za amani. Siku mtoto aliyokula karanga asidhurike ni ushahidi wa kuwatetea karanga. Mpelelezi anayekusanya tu ushahidi wa kumtia mtu hatiani, akauacha ule wa kumwokoa, atamfunga asiye na kosa.

SHAHIDI WA KOBOKO

Turudi kwa koplo wetu. Usiku ule aliketi na mkewe, wakaandika yale yaliyokumbukwa. Ndipo walipotambua kuwa shahidi mkuu wa matukio mawili ya kwanza hakuwahi kuulizwa. Shahidi huyo alikuwa bibi wa mtoto.

Koplo alimpigia simu, akamsalimu kwa heshima yote, akamwuliza alipika nini siku zile. Bibi akajibu pasipo kusitasita. Mara ya kwanza zilikuwa mboga za majani zilizotiwa ufuta uliotwangwa. Mara ya pili zilikuwa kunde, nazo zilitiwa ufuta. Angewapikia nini tena wageni waliotoka mbali?

Katika nyumba ya Arua ufuta haukupikwa, kwa sababu koplo mwenyewe hakuuzoea tangu utoto. Wao walitumia karanga, nazo mama alizitwanga mwenyewe. Sasa mbona tukio la tatu? Mama akakumbuka kuwa siku ile hakutwanga. Alikuwa amechelewa, akanunua karanga zilizokwisha sagwa sokoni. Kesho yake alikwenda kumwuliza mwuzaji. Mwanamke yule akamwonyesha mashine: asubuhi husaga ufuta, kisha karanga, na baina ya hizo mbili hakuna anayeiosha.

Basi maji ya Koboko yaliachiwa huru. Angara aliachiwa huru. Karanga nazo, ambazo mtoto alikuwa amezila nyumbani mara nyingi kabla ya siku ile bila madhara, hazikuwa na kesi ya kujibu. Jina moja tu lilionekana katika matukio yote matatu. Hospitalini daktari alilisoma daftari, akafanya uchunguzi wake, akathibitisha kuwa mtoto ana mzio wa ufuta.

Koplo alipiga simu Koboko mara ya pili. "Mama," alisema, "tumekukosea." Bibi alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilimpa kile kilichomlea mama yake."

WASHUKIWA WENGINE

Si kila mwasho ni mzio wa chakula, na mpelelezi mwema huangalia pande zote.

Maambukizo ya virusi, kama mafua ya kawaida, ndiyo sababu iliyo nyingi zaidi ya mabaka ya ghafla kwa watoto wadogo. Mtoto mwenye homa akitoka mabaka baada ya kula yai, huenda yai limesingiziwa. Hali kadhalika dawa: mtoto hupewa dawa ya kuua vijidudu kwa sababu ya homa, kisha vipele vikatoka, na pengine ni homa yenyewe iliyovileta. Hata hivyo jina la dawa liandikwe na daktari aambiwe, kwa sababu mzio wa dawa nao upo na waweza kuua.

Kuumwa na mbu, viroboto au kunguni huacha vipele vidogo vigumu, hasa miguuni na mikononi, navyo hudumu kwa siku nyingi. Mabaka ya mzio huhama. Hutoka hapa na kuingia pale, na kila moja hutoweka kabla ya siku moja kwisha. Upele huwasha zaidi usiku, na mara nyingi watu kadhaa wa nyumba moja hujikuna pamoja.

Vilevile ulizeni kama mtoto peke yake ndiye aliyedhurika. Samaki fulani wa baharini, kama jodari, wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini ndani ya nyama yao, na waliokula huwashwa na kuwa wekundu kama wenye mzio. Ikiwa wengi waliokula chungu kimoja wamedhurika, kosa ni la chakula kilichoharibika, si la mwili wa mtu mmoja.

Kumbikumbi nao wasisahauliwe wakati wa mvua. Ni chakula kizuri chenye nguvu, lakini miilini mwao mna protini inayofanana na ile ya kamba wa baharini na ya wadudu wadogo wa vumbi la vitanda. Mtu mwenye mzio wa hao aweza kudhurika na kumbikumbi, hata kama hajaiona bahari maishani mwake.

DAMU HAISEMI YOTE

Wako wazazi wanaodhani kuwa kipimo cha damu kitamaliza maneno yote. Vipimo vipo: kuna kile cha kuchoma ngozi kwa tone la chakula kinachoshukiwa, na kile cha kupima kingamwili E katika damu. Lakini vipimo hivyo vinaonyesha tu kwamba jina limo katika orodha ya mlinzi. Havithibitishi kuwa mlinzi atafyatua.

Katika nchi zetu jambo hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa minyoo na kichocho navyo huipandisha kingamwili E. Watafiti waliochunguza watoto wa shule nchini Ghana, na kutangaza matokeo yao mwaka 2013, walikuta watoto wengi wenye kingamwili E dhidi ya karanga, ilhali watoto hao walizila karanga bila kudhurika. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba kichocho kiliufundisha mwili kutengeneza kingamwili inayofanana na ile ya karanga. Mtoto wa kando ya Nile, ambako kichocho kipo, akipimwa damu tu bila kuulizwa habari zake, aweza kukatazwa chakula kisichomdhuru hata kidogo.

Hapa kwetu Uganda uhusiano wa minyoo na mzio umechunguzwa kwa miaka mingi huko Entebbe. Baina ya mwaka 2003 na 2005 wanawake wajawazito 2,507 waliandikishwa katika uchunguzi ambamo wengine walipewa dawa ya minyoo ya albendazole na wengine dawa isiyo na nguvu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa ukurutu uliwapata zaidi watoto wa akina mama waliopewa albendazole. Tusieleweke vibaya: dawa za minyoo bado zina kazi yake, na watoto wapewe kama waganga wanavyoagiza. Tunayataja hayo ili msomaji aone kuwa jambo hili lina mizizi mirefu, na kwamba karatasi ya maabara pasipo daftari la mzazi ni sawa na msako unaokamata kijiji kizima kwa ajili ya mwizi mmoja.

ASIYE NA HATIA ASIFUNGWE

Zamani madaktari wa nchi za Magharibi waliwashauri wazazi wawanyime watoto wadogo karanga ili kuwakinga. Ushauri huo ulikuja kuonekana kuwa haufai. Mwaka 2008 Profesa Gideon Lack wa London na wenzake walionyesha kuwa watoto wa Kiyahudi wa Uingereza, walionyimwa karanga utotoni, walikuwa na mzio wa karanga mara nyingi zaidi kuliko watoto wa Kiyahudi wa Israel, waliozila tangu uchanga. Kisha wakachukua watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, wakawagawa makundi mawili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Walipofikia umri wa miaka mitano, kati ya walionyimwa karanga takriban 17 katika kila 100 walikuwa na mzio wake. Kati ya waliolishwa, kiasi cha 3 tu.

Kwa hiyo mama wa Arua anayemwanzishia mtoto wake wa miezi sita uji wenye karanga zilizosagwa laini hafanyi kosa. Asimpe karanga nzima tu, kwa sababu zaweza kumkaba kooni. Na mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyekwisha dhurika na chakula kingine, aonwe kwanza na daktari.

Inapolazimu kukiondoa chakula kinachoshukiwa, kiondolewe kimoja, si vyote. Kwa ukurutu au dalili nyingine zinazokawia, daktari aweza kuagiza chakula kiachwe kwa majuma mawili hadi manne, kisha kirudishwe ili ionekane kama dalili zitarudi. Kurudisha huko ni sehemu ya upelelezi, maana pasipo hiyo hapana uthibitisho. Lakini tunasema kwa mkazo: mtoto aliyewahi kuvimba uso, kutapika ghafla au kubanwa pumzi asijaribiwe tena nyumbani, hata kwa punje moja. Jaribio la namna hiyo hufanywa hospitalini tu, mbele ya daktari mwenye dawa mkononi.

Na kila chakula kinachoondolewa kipate mbadala wake. Ukiondoka ufuta, karanga, kunde na mbaazi zibaki. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa na mayai huja kupona wakikua, kwa hiyo uchunguzi urudiwe baada ya muda. Mzio wa karanga, ufuta na samaki, kwa walio wengi, hudumu.

SAA YA HATARI

Mabaka peke yake si hatari kubwa. Hatari huanza mtoto akikohoa mfululizo, akikoroma kifuani, sauti ikikauka, ulimi ukivimba, au akilegea na kuwa baridi. Hapo maisha yamo katika dakika. Vivyo hivyo kutapika tena na tena pamoja na mabaka, baada ya kula chakula kinachojulikana kumdhuru, kusidharauliwe.

Dawa ya hali hiyo ni adrenalini, nayo huchomwa katika msuli wa paja, upande wa nje. Kipimo chake hutokana na uzito: miligramu 0.01 kwa kila kilo moja ya mtoto. Hali isipobadilika, sindano hurudiwa baada ya dakika tano. Vidonge na maji ya kuzuia mwasho hutuliza ngozi tu; havifungui koo lililobana, na mzazi asipoteze wakati kungoja vifanye kazi. Mtoto alazwe chali na miguu iinuliwe. Akiwa anahangaika kupumua aachwe akae. Asisimamishwe wala kutembezwa. Asitapishwe kwa nguvu, wala asinyweshwe mafuta au maziwa. Baada ya kupata nafuu akae chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa kuwa dalili zaweza kurudi.

Kila mzazi wa mtoto wa namna hii aulize mapema, kabla ya siku ya shida, ni kituo kipi cha afya kilicho karibu chenye adrenalini, na nani ana gari au pikipiki usiku. Askari hasubiri milio ya bunduki ndipo aulize njia ya kutokea.

BARUA YA UHAMISHO

Liko jambo moja la mwisho linalowahusu askari kuliko watu wengine. Sisi huhamishwa. Leo Arua, mwaka kesho Moroto au Mbarara, na pengine baba huvuka mpaka kwa kazi ya miezi mingi. Jirani aliyejua kuwa mtoto huyu asipewe ufuta anabaki nyuma. Huko waendako hakuna ajuaye, na mtoto wa miaka miwili hawezi kujieleza.

Kwa hiyo ukweli uliopatikana kwa tabu usikae kichwani mwa mama peke yake. Uandikwe katika kadi ya kliniki kwa herufi kubwa: chakula kinachomdhuru, dalili alizowahi kupata, na la kufanya. Baba aliye mbali awe na nakala. Jirani mpya aambiwe siku ile ile ya kufungua mizigo, na mwalimu wa chekechea aambiwe siku ya kwanza. Watoto wakubwa wa nyumba wafundishwe, kwa kuwa wao ndio wanaogawana vitamu nje ya macho ya wazazi.

Ama bibi wa Koboko katika mfano wetu, yeye alinunua kinu kidogo kipya. Ndani yake hutwangwa karanga tu, nacho huning'inizwa peke yake ukutani, mbali na kile cha ufuta. Mjukuu wake akija, kinu hicho ndicho kinachoshushwa.